Kuiuliza Ardhi Kabla ya Kuiamuru

Mwezi huu twataka kufikiri pamoja nanyi jambo moja ambalo kwa kulitazama upesi laonekana kuwa ni la wakulima na mabwana shamba tu, walakini ndani yake mna swali la haki na la dhamiri. Swali lenyewe ndilo hili: Mtu akiiharibu ardhi kwa sababu hakujua tabia ya udongo wake, je, ana hatia? Wengi watajibu mara moja, "Hana, maana hakujua." Sisi twaona ya kuwa jibu hilo halitoshi. Tutajaribu kuonyesha sababu, na mifano yetu tutaitwaa katika nchi ya Tabora na katika njia ile ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji.

Kwanza yafaa tueleze maana ya kupima udongo, kwa kuwa wengi wakisikia neno "kupima" hufikiri kamba na vigingi vya mipaka. Kupima udongo si kupima mipaka. Mpimaji wa udongo huchagua mstari utokao juu ya mgongo wa kilima hata chini bondeni, akaufuata kwa miguu. Kila baada ya hatua kadha wa kadha hutoboa ardhi kwa keekee, na mahali pengine huchimba shimo lipatalo kimo cha mtu. Akiwa shimoni hutazama matabaka ya udongo, moja baada ya moja. Wekundu humwambia ya kuwa maji hupita vema na hewa huingia. Rangi ya kijivu yenye madoa humwambia ya kuwa maji hutuama. Husugua udongo kati ya vidole apate kujua wingi wa mchanga na wingi wa mfinyanzi. Huangalia mizizi imeshuka hata wapi, na kama liko tabaka gumu lililoizuia. Kisha hutwaa udongo kidogo wa kila tabaka na kuupeleka maabara, nako hupimwa uchachu wake, mboji yake na vyakula vya mimea vilivyomo. Baada ya hayo yote ndipo huchora ramani, akaandika: hapa pafaa mahindi, hapa mpunga, hapa malisho, na hapa msitu uachwe.

Basi, kazi hii kwa jina na kwa vyombo vyake ni mpya, walakini kwa asili yake ni ya zamani sana. Walimu wetu watakumbuka ya kuwa Musa alipowatuma wapelelezi kwenda Kanaani hakuwaagiza kutazama miji na watu tu. Aliwaagiza pia watazame kama nchi ni ya unono au imekonda, na kama ina miti au haina. Alitaka kujua habari za udongo kabla ya kuwapeleka watu wake huko.

Katika Unyamwezi pia kazi hii ilikuwako. Katika karne ya 19 Tabora ilikuwa njia panda ya bara. Burton na Speke walifika huko, mahali palipoitwa Kaze, mwezi wa Novemba 1857. Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, miezi kadha wa kadha ya mwaka 1872 akiwangoja wapagazi wake. Misafara ya mamia ya watu ilipita hapo ikichukua nguo na shanga kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Na, kwa huzuni twasema, wanadamu pia walipelekwa pwani kuuzwa. Watu hao wote walihitaji kula, na wengi wao walikaa Unyanyembe majuma mengi kabla ya kuendelea na safari. Ni nani aliyewalisha? Waliwalisha watu walioinamia jembe, wengine kwa hiari yao wakiuza nafaka, wengine wakiwa watumwa wasiopata ujira. Walilima nchi ambayo kwa sehemu kubwa udongo wake ni wa mchanga, nao hauna chakula kingi cha mimea. Wangaliwezaje kulisha misafara kama hawakujua mtama upandwe wapi, viazi wapi, na mpunga wapi?

Walijua kwa sababu walitazama. Nchi hii imeumbika kama mawimbi mapana. Juu ni miamba ya itale, na kando yake udongo wa changarawe au mwekundu. Mteremkoni ni mchanga. Chini yake mara nyingi pana udongo mgumu usiopitisha maji, na bondeni kabisa ni mbuga, yaani udongo mweusi unaonata wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Wasukuma, walio ndugu na jirani wa Wanyamwezi, wana jina kwa kila namna: kikungu ni udongo mwekundu, luseni ni mchanga, ibambasi ni ule mgumu, mbuga ni ule mweusi. Kila jina lachukua shauri lake. Mtu akisema "luseni" amekwisha kusema pia ya kuwa hapo jembe huingia kwa wepesi, karanga na muhogo hukubali, lakini nguvu ya udongo huisha upesi. Hali kadhalika kilimo cha matuta ambacho majani hufukiwa ndani yake yakaoza ni dawa iliyobuniwa na watu waliokwisha kuijua ila ya udongo wao.

Mwaka 1935 mtaalamu mmoja wa udongo, jina lake Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara, aliandika neno lililokuja kujulikana na wataalamu wa dunia nzima. Alisema ya kuwa katika Afrika Mashariki haifai kuutazama udongo wa mahali pamoja peke yake, maana udongo wa juu ya kilima, wa mteremko na wa bonde umefungamana kama pete za mnyororo. Maji huondoa kitu huku na kukiweka kule. Akauita mpango huo kwa neno la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Mwaka 1936 ikatolewa ramani yake ya kwanza ya udongo wa Afrika Mashariki, nayo iliitwa ya muda, kwani alijua ya kuwa kazi bado. Tukifikiri vema twaona ya kuwa mnyororo huo ndio ule ule ambao mkulima wa Usukuma aliutaja kwa majina kila alipotoka kilimani kwenda mbugani. Mtaalamu aliongeza sababu na vipimo. Mkulima alikuwa na majina na matumizi. Elimu hizi mbili hazikupingana hata kidogo.

Sasa na tuje kwenye mfano ulio mkubwa kuliko yote. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilipungukiwa mno na mafuta ya kula. Mwaka 1946 Serikali yake iliwatuma watu watatu, mkubwa wao akiwa John Wakefield, aliyekuwa zamani Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, watazame kama karanga zaweza kulimwa Afrika Mashariki kwa mashine. Walitembea wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka ndegeni. Kisha wakatoa shauri la kufyeka eka 3,210,000 katika Tanganyika, Rhodesia ya Kaskazini na Kenya, kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Mahali palipochaguliwa katika Tanganyika ni Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947.

Yaliyotokea Kongwa yajulikana na wengi. Mvua ilikuwa haba. Wakati wa kiangazi mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama saruji, hata karanga zilizokomaa hazikuweza kung'olewa ardhini. Chembe kali za mchanga zilikula vyuma vya plau. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza ya kuwa mpango ule umekoma, nayo hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Na tukumbuke ya kuwa ramani ya Milne ilikuwa imekwisha kutolewa miaka kumi kabla ya safari ile ya wiki tisa. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1942. Na habari ya safari yake ya kuchunguza udongo wa Tanganyika, aliyoifanya tangu Desemba 1935 hata Februari 1936, ilipigwa chapa mwaka 1947, ndio mwaka ule ule matrekta yalipokuwa yakifyeka pori la Kongwa.

Tena, Kongwa haiko mbali na ile njia ya misafara. Wapagazi waliotoka Mpwapwa kwenda Ugogo walikuwa na nyika moja ya kuvuka waliyoiogopa sana, jina lake Marenga Mkali, maana yake maji makali. Walijaza vibuyu vyao kabla ya kuiingia, wakaenda mbio usiku na mchana. Jina hilo lilikuwa ushuhuda uliotolewa na maelfu ya miguu ya watu waliopita pale. Mtu aliyetaka kujua kama upande huo wa nchi una maji ya kutosha kwa mashamba ya maelfu ya eka angaliweza kuanza kwa kuuliza maana ya jina.

Urambo, nchi iliyotwaa jina lake kwa mtemi Mirambo aliyekufa mwaka 1884, ilikuwa na hali nyingine. Iko magharibi ya Tabora, mvua yake ni bora, na mchanga wake hulimika kwa wepesi. Walakini mchanga huo ni maskini, wala haukuweza kuutimiza mpango uliokwisha kuandikwa kabla ya kuutazama. Tangu mwaka 1953 Shirika la Kilimo la Tanganyika lilichukua mahali hapo pote patatu. Ndipo watu walipoanza kufuata tabia ya nchi badala ya kuishurutisha: Kongwa ikawa nchi ya kufuga ng'ombe, na Urambo ikawa nchi ya tumbaku. Majibu hayo ardhi ilikuwa nayo tangu mwanzo, lakini hayakutafutwa ila baada ya fedha kwisha na miti kulala chini.

Basi turudi kwenye swali letu. Je, watu wale walikuwa na hatia? Mtu aweza kuwatetea hivi: Nia yao ilikuwa njema, watu wao walipungukiwa na chakula, haraka yao ilitokana na huruma. Neno hili lina uzito, wala hatutaki kulidharau. Mwenye njaa hawezi kungoja miaka kumi ramani ikamilike. Lakini yatupasa kupambanua namna za kutojua, maana si zote zilizo sawa.

Iko namna ya kwanza, ambayo hakuna mtu awezaye kuiondoa, mathalani kutojua kama mvua ya mwaka kesho itakuwa nyingi au chache. Kwa hiyo hakuna alaumiwaye. Iko namna ya pili, ambayo ingaliweza kuondolewa, lakini mtu mwenyewe hakuwa na njia wala msaada. Huyo twamhurumia na kumfundisha. Na iko namna ya tatu: mtu ana njia, ana nafasi, wenye kujua wako karibu, naye hawaulizi kwa sababu amekwisha kukata shauri moyoni. Kutojua kwa namna hii ya tatu si udhuru, bali ni sehemu ya kosa lenyewe. Waswahili husema kuuliza si ujinga, nasi twaongeza: asiyeuliza naye aweza kuuliza, huyo ujinga wake ameuchagua.

Tena twaona jambo la pili, lililo zito zaidi. Wajibu wa kujua hauwi sawa kwa watu wote. Hukua kwa kadiri mkono wa mtu unavyofika mbali. Fikirini mkulima wa eka mbili. Akipanda mahindi kwenye ibambasi, kosa lake huonekana mwaka ule ule, na tumbo lake mwenyewe ndilo limfundishalo. Mwaka wa pili harudii. Lakini mwenye amri juu ya eka elfu, akaaye mbali na shamba, akikosa hatalala njaa. Atakayelala njaa ni mwingine. Yule mwalimu mkali amfundishaye mkulima hamfikii mwenye amri kamwe. Kwa sababu hiyo imempasa atafute kwa makusudi elimu ile ambayo mkulima huipata kwa maumivu. Kupima udongo, kwa mtu wa namna hiyo, si anasa ya wataalamu. Ni deni lake kwa wale watakaobeba matokeo ya amri yake.

Wala tusidhani ya kuwa jambo hili lilikuwa la wageni tu. Mwaka 1973 ilitolewa amri ya kwamba watu wote wa mashambani katika Tanzania Bara wawe wamehamia katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Kusudi lilikuwa watu wapate shule, maji na matibabu karibu, na makusudi hayo ni ya heshima. Lakini vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara, kwa kufuata mstari wa barabara na si mstari wa udongo. Watu waliokuwa wametawanyika, kila mmoja mahali alipopachagua yeye au baba yake kwa kuutazama udongo, walikusanywa pamoja. Mashamba ya karibu yakachoka kwa kulimwa kila mwaka, na kuni zikawa mbali. Hapa pia nia njema haikutosha.

Sasa tusikilize mashaka ya wasomaji. Wa kwanza atasema, "Babu zetu walilima bila ramani, nao waliishi." Ni kweli, lakini tumekwisha kuonyesha ya kuwa walipima kwa macho na miguu. Tena walikuwa na dawa ambayo sisi hatunayo: shamba lilipochoka walihama, wakaliacha pori liirudishe nguvu yake miaka mingi. Siku hizi watu ni wengi, na pori lililobaki lina mwenyewe au lina sheria. Asiyeweza kuhama sharti aujue vizuri zaidi udongo alio nao.

Mwalimu mmoja aweza kusema, "Mpanzi wa mfano wa Injili alimwaga mbegu hata njiani na penye miamba, wala hakulaumiwa." Twajibu: mfano ule wafundisha habari za mioyo isikiayo, wala si kanuni ya kilimo. Hata hivyo, angalieni jinsi ulivyojengwa juu ya tofauti za udongo: mbegu ni moja, mavuno ni mbalimbali, kwa sababu ya ardhi iliyopokea. Wasikilizaji wa kwanza walikuwa wakulima. Hawakuhitaji kuelezwa ya kuwa udongo haba juu ya mwamba haufai.

Shaka la tatu ndilo gumu kuliko yote. Mzee wa kijiji asema, "Sisi twaogopa wapimaji. Wakishajua ya kuwa udongo wetu ni mzuri, watakuja wenye nguvu kuutwaa." Mzee huyo hasemi upuuzi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa chini ya mkono wa Gavana, na tangu hapo watu wameona mara nyingi ramani ikitangulia na amri ikifuata. Elimu ni kama panga jipya: humsaidia aliyelishika mpini. Mwenye kuchunguza udongo wa watu, akazichukua habari zake mjini, akazifungia kabatini au akawapa wanunuzi kabla ya wenyeji, ametwaa kitu kisichokuwa chake.

Kwa hiyo twasema ya kuwa wajibu wa kujua wafuatana na wajibu wa kurudisha. Aliyechimba shimo katika shamba la mtu ana deni la kumwambia mtu huyo alichokiona, tena kwa lugha aijuayo. Matokeo yasomwe mbele ya mkutano wa kijiji, na majina ya udongo wanayoyatumia wenyeji yaandikwe katika ramani kando ya majina ya wataalamu. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 yaruhusu kijiji kujifanyia mpango wake. Hatusemi ya kuwa sheria peke yake yamzuia mwenye tamaa. Lakini kijiji kinachojua udongo wake, na kimekwisha kuuandikia mpango, husema kwa nguvu kuliko kijiji kisichojua kinagawa nini. Hofu ya mzee ni ya haki. Dawa yake si kubaki gizani, maana wenye nguvu wana njia zao nyingine za kujua, na mnyonge peke yake ndiye atakayebaki hajui.

Limebaki neno moja, nalo latukumbusha mpaka wa elimu hii. Vipimo vya udongo hutuambia ardhi yaweza nini. Havituambii imetupasa kufanya nini. Urambo ni ushahidi. Mchanga wa nchi ile waifaa tumbaku ya mvuke, na watu wengi wa mkoa wa Tabora wamesomesha watoto na kuezeka nyumba kwa mabati kwa fedha zake. Walakini kuikausha tumbaku hiyo kwahitaji kuni nyingi, na kuni hizo hutoka katika miyombo. Tena minyoo fundo huingia katika mizizi, na mkulima huacha shamba baada ya mwaka mmoja au miwili akafyeka jingine. Hapo mtu aweza kusema, "Udongo umekubali, basi nini tena?" Twajibu ya kuwa udongo umekubali, lakini msitu haukuulizwa, wala mtoto atakayeirithi nchi isiyo na miti hakuulizwa. Hatutaki kumhukumu mkulima atafutaye karo ya mwanawe. Twasema tu ya kuwa ramani haiwezi kulichukua shauri hilo badala yetu. Ni letu sisi, na wazee wa kijiji, na wale wanunuao tumbaku, ambao mkono wao wafika mbali kuliko wa mkulima, na kwa hiyo wajibu wao ni mkubwa kuliko wake.

Ndugu walimu na wazee wa sharika, mafundisho haya yasiishie katika karatasi. Yako mambo ambayo kila mtu aweza kuyafanya kabla ya mvua za Novemba.

Kwanza, kaeni na wazee, waume kwa wake, mkaandike majina ya udongo wa kijiji chenu na matumizi ya kila mmoja. Msiwasahau akina mama, maana mara nyingi wao ndio wajuao shamba lipi limechoka.

Pili, tembeeni kutoka kilimani hata bondeni, mkachimba mashimo matatu: juu, katikati na chini. Waonyesheni vijana matabaka, rangi, na mahali mizizi inapokoma. Somo hilo halina gharama.

Tatu, atakaye kununua mbolea apime kwanza. Atembee shambani kwa mwendo wa kupinda huku na huku, achukue udongo mahali 15 hata 20 kwa kina cha sentimita 20, akiepuka vichuguu, mahali palipochomwa majani, na mahali palipolala ng'ombe. Auchanganye wote katika ndoo safi, atwae kadiri ya nusu kilo, aukaushe kivulini, aandike jina la shamba, aupeleke kwa bwana shamba. Iko Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, ambayo ina kituo Tumbi, karibu na mji wa Tabora, na kituo cha Mlingano mkoani Tanga ambacho kazi yake hasa ni mambo ya udongo. Jambo la kuuliza kwanza ni uchachu. Katika kipimo kiitwacho pH, 7 ni katikati, na mazao mengi hustawi kati ya 5.5 na 7. Udongo ukishuka chini ya hapo, mbolea nyingi hupotea bure mpaka chokaa itiwe. Na mbolea ya salfeti ya amonia ikitiwa mwaka baada ya mwaka huzidi kuuchachusha. Wako watu waliokopa fedha kununua dawa isiyokuwa ya ugonjwa wao.

Nne, penye shamba la usharika, kazi hiyo ianze hapo. Haifai kuwafundisha watu utunzaji wa ardhi huku shamba la kanisa likilimwa kwa kubahatisha. Wazee wa usharika nao ni watu wenye amri juu ya ardhi ya wengi; yale tuliyoyasema juu ya wenye amri yawahusu wao pia.

Je, mtu akiiharibu ardhi kwa kutojua, ana hatia? Twajibu hivi: aulizwe kwanza kama aliweza kujua, tena kama wenye kujua walikuwa karibu naye, tena kama hasara ilimpata yeye au iliwapata wengine. Mkulima wa eka mbili ambaye hakupata mtu wa kumfundisha, tumwendee na keekee na maneno ya upole. Mwenye ofisi aliyeandika amri bila kutoka nje, na amwambie mzee wa kijiji uso kwa uso kwa nini hakumwuliza.